Walimu wa Kaduna na Mlango Usio na Bawabu

Mwezi Oktoba mwaka 2017 serikali ya jimbo la Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, ilitangaza matokeo ya mtihani ambao haukuwa wa wanafunzi bali wa walimu. Walimu wa shule za msingi wapatao 33,000 walipewa maswali ya kiwango cha mtoto wa darasa la nne, na mwalimu alitakiwa apate asilimia 75 ndipo ahesabiwe kuwa amefaulu. Walimu 21,780 hawakufikia hapo. Gavana wa wakati huo, Nasir El-Rufai, alisema wote hao wataondolewa na mahali pao wataajiriwa walimu wapya 25,000.

Wapo waliocheka walipoisikia habari hiyo. Sisi ambao kazi yetu ni kukaa mbele ya watoto hatukuona la kuchekesha. Walimu wawili katika kila watatu! Na wengi wao hawakuwa watu waliookotwa njiani. Walikuwa na vyeti vya ualimu, wameajiriwa kwa barua na wanalipwa mishahara kutoka katika mali ya umma. Mambo yaliyofuata huko, kwa muda wa miaka mitano, yanatugusa hata sisi tulio mbali, kwa kuwa swali walilokutana nalo watu wa Kaduna liko pia katika shule zetu na katika madrasa zetu: cheti cha mwalimu kinashuhudia nini, na ni nani anayesimama nyuma yake?

Kwanza tuseme lililo wazi. Mtoto wa maskini aliyeketi sakafuni katika darasa la kijiji hana shule nyingine ya kukimbilia. Mwalimu wake akiwa hajui kugawanya namba, mtoto huyo hatajua kugawanya, na hakuna atakayemrudishia miaka yake. Kwa hiyo wale waliosema kuwa kumwondoa mwalimu asiyejua ni dhulma, tunawauliza: dhulma kwa nani? Haki ya mshahara ni haki, lakini haiwezi kutangulizwa mbele ya haki ya mtoto ambaye kwa ajili yake mshahara huo ukawekwa. Rais Muhammadu Buhari naye, Novemba 2017, alisimama upande wa gavana, akaona ni msiba kwa mwalimu kushindwa mtihani ambao mwanafunzi wake anatazamiwa kuufaulu. Katika hilo hatuna ugomvi naye.

Ugomvi wetu uko mahali pengine. Mtihani ule ulimkuta mwalimu akiwa amekwisha kuingia darasani, pengine kwa miaka kumi au ishirini. Kabla ya hapo alikuwa amepita milango kadhaa, na kila mlango ulikuwa na mtu aliyelipwa kuulinda. Alipokelewa chuoni, akapita mitihani ya chuo, akapewa cheti, kisha akapewa ajira. Kisheria nchini Nigeria kiwango cha chini cha mwalimu ni cheti kiitwacho NCE, kinachopatikana baada ya miaka mitatu ya masomo katika chuo cha ualimu, na tangu mwaka 1993 lipo Baraza la Usajili wa Walimu la nchi nzima. Basi yule asiyeweza hesabu za darasa la nne alizipitaje nyua zote hizo? Ama alibebwa, ama mabawabu walikuwa wamelala. Mwalimu mwenyewe alitajwa hadharani, akasimangwa na kufukuzwa. Mabawabu hatukuona wakitajwa.

Wanaojua jinsi elimu ilivyopokewa misikitini tangu zamani wanaelewa maana ya ijaza. Sheikh hakuwa akiandika kwamba fulani alihudhuria darsa kwa muda wa miaka mitatu na amelipa ada. Alikuwa akishuhudia kwamba fulani amenisomea kitabu hiki, nimemsikiliza, nimemsahihisha, nami namruhusu akisomeshe kama nilivyoruhusiwa mimi na sheikh wangu. Jina la mtoaji lilikuwamo ndani ya karatasi, na nyuma yake jina la aliyempa yeye. Mwanafunzi akienda mji wa mbali akaharibu, watu hawakuishia kumlaumu yeye, bali waliuliza ni nani aliyemwidhinisha, na aibu ilimrudia aliyeidhinisha. Cheti cha serikali za leo kina mhuri na sahihi, lakini mara nyingi hakina mtu. Kikionekana kuwa ni cha uongo au kitupu, hakuna anayepata aibu isipokuwa aliyekishika.

Ushahidi wa jambo hili ulikuwapo Nigeria kabla ya Kaduna. Mwaka 2008 jimbo la Kwara, chini ya gavana Bukola Saraki, lilipima walimu 19,125 wa shule za msingi na za sekondari za awali, kwa maswali ya hisabati na lugha ya kiwango cha shule ya msingi. Waliofikia kiwango kilichowekwa walikuwa 75. Msomaji asidhani tumeacha sifuri: ni sabini na tano. Miongoni mwa waliopimwa walikuwamo 2,628 wenye shahada za chuo kikuu, na kati yao waliofikia kiwango hicho ni 19. Hapa basi haiwezekani kusema kuwa shida ni watu wachache wavivu. Ikiwa elfu kumi na tisa wamekosa, walichokosa ni kile ambacho hawakupewa. Jambo la kupendeza ni kwamba Kwara haikuanza kwa kufukuza. Ilichukua matokeo yale kuwa ni ripoti ya daktari, ikageukia mafunzo ya walimu waliokwisha kuwa kazini, na hata chuo chake cha ualimu cha Oro kikaingizwa katika marekebisho. Hatusemi Kwara ilifanikiwa katika kila jambo, ila ilijua ugonjwa ulianzia wapi.

Wala haikuwa hivi siku zote huko kaskazini. Chuo cha Katsina, kilichofunguliwa rasmi mwaka 1922, kilikuwa chuo cha ualimu. Wanafunzi wake walikuwa wachache, wakichaguliwa. Ahmadu Bello alisoma hapo tangu 1926 hadi 1931, akatoka na kwenda kufundisha Sokoto, na baadaye akawa waziri mkuu wa kwanza wa Jimbo la Kaskazini. Abubakar Tafawa Balewa, waziri mkuu wa kwanza wa Nigeria yote, naye alitoka chuo hichohicho mwaka 1933 akafundisha Bauchi. Katika zama zile kuitwa mwalimu ilikuwa ni kupewa heshima mbele ya masultani. Yafaa tukumbuke pia kwamba elimu ile iliwafikia wachache mno, na wakoloni hawakuwa na haja ya kuipanua. Hatuitamani idadi yao. Tunachokitamani ni uangalifu wa mlango.

Mlango ulivunjwa kwa nia njema. Mwezi Januari 1974 mtawala wa kijeshi wa Nigeria, Yakubu Gowon, akiwa Sokoto, alitangaza kwamba kila mtoto atasoma shule ya msingi, na mpango huo ukaanza Septemba 1976. Watoto walimiminika. Walimu hawakuwapo. Vyuo vya ualimu wa daraja la pili vikafunguliwa kwa wingi na kozi za haraka zikaanzishwa, na aliyekuwa hana pengine pa kwenda akapelekwa ualimu.

Wazee wetu wa Tanzania watatabasamu hapa, maana mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, kikao cha TANU kilichofanyika Musoma kiliamua jambo hilohilo, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakiwa tayari darasani. Waliitwa walimu wa UPE, na jina hilo liligeuka kuwa dhihaka, ingawa wamo kati yao waliotufunza sisi kusoma na kuandika, nasi hatutawakana. Mwaka 2006, shule za sekondari za kata zilipochipuka kila mahali, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya mwezi mmoja wakatumwa kufundisha. Serikali iliwaita walimu wa leseni. Mitaani waliitwa jina la vocha ya simu. Kila mara mpangilio ni uleule: majengo kwanza, watoto pili, mwalimu atafutwe baadaye kwa bei iliyobaki. Na kila mara anayepata mwalimu wa haraka ni mtoto wa kijijini, kwa sababu mwenye uwezo amekwisha kumhamisha wake.

Turudi Kaduna. El-Rufai mwenyewe alikiri kwamba ajira za walimu zamani zilitolewa kisiasa. Maana yake, diwani au mbunge alikuwa na watu wake, na ualimu ulikuwa zawadi. Alieleza pia kwamba katika baadhi ya maeneo mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 9, na katika mengine mmoja alikuwa na wanafunzi 100. Msomaji ayatafakari hayo kwa pamoja: walimu walirundikwa mahali penye wenyewe, na watoto wakarundikwa mahali pasipo na mtu wa kuwasemea. Mtu aliyeajiriwa ili awe shukrani ya kura hakuulizwa kama anajua kusoma, na hakuna ajabu akishindwa kusoma.

Chama cha walimu kilipinga. Tarehe 8 Novemba 2017 maelfu waliandamana mjini Kaduna pamoja na vyama vya wafanyakazi, na Januari 2018 walimu wakagoma. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mwenye mamlaka ya kumpima mwalimu ni Baraza la Usajili, si serikali ya jimbo, na kwamba mtihani wa watoto si kipimo cha taaluma ya ualimu. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ina ukweli. Kujua hesabu si sawa na kujua kufundisha hesabu, na wapo wanazuoni wakubwa wasioweza kumfunza mtoto alifu. Lakini asiyejua kabisa hana cha kufundisha, hivyo mtihani wa darasa la nne haupimi ualimu wote, unapima sharti lake la mwanzo. Ama sehemu ya kwanza, kwamba mwenye haki ya kupima ni Baraza peke yake, sisi tungeipokea kwa mikono miwili kama chama hicho kingekuwa kimelisumbua Baraza miaka yote liwapime wanachama wake. Kunyamaza mlango ulipokuwa wazi, kisha kudai ufunguo siku anapokuja mkaguzi, ni hoja iliyochelewa.

Hata hivyo walikuwa na haki katika jambo moja ambalo serikali haikulitazama. Kwa kipimo kile, aliyepata 74 na aliyepata 10 wote waliitwa walioshindwa. Wa kwanza angeweza kunyooshwa kwa mafunzo ya likizo mbili. Wa pili hakupaswa kuwapo darasani hata siku moja. Kuwatia katika kapu moja si insafu, wala si hesabu njema kwa serikali inayotafuta walimu.

Kisha ukaja mwaka 2018 na walimu wapya. Maelfu waliajiriwa kwa haraka kujaza nafasi, na kabla mwaka haujaisha zaidi ya 4,000 kati ya hao wapya wakaondolewa nao. Mwezi Desemba 2021 bodi ya elimu ya msingi ya jimbo ilichukua vyeti 451 vya walimu, ikaviandikia vyuo vilivyotajwa humo, na ikatangaza kuwa vyeti 233 vimekataliwa na vyuo hivyo. Chuo kimoja peke yake kilivikana vyeti 212. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba kufukuza si dawa inapokuwa peke yake. Ukiyamwaga maji machafu ya mtungi kisha ukachota tena katika kisima kilekile, umejichosha bure. Na tazama wepesi wa kazi yenyewe: barua kwa vyuo, na majibu yao. Barua hiyo ingeandikwa kabla ya mtu kupewa ajira, watoto wangapi wangesalimika?

Tumpe gavana haki yake. Aliahidi kumpeleka mwanawe shule ya serikali, na mwaka 2019 alimwandikisha mtoto wake wa miaka sita katika shule ya msingi ya umma mjini Kaduna. Baadaye alimwondoa kwa hofu ya watekaji, na mwaka 2021 watekaji walikuwa wakivamia shule na vyuo katika jimbo lile bila kujificha, hivyo hatumlaumu. Ni viongozi wangapi tunaowajua ambao wamefika hata hapo?

Jimbo lenyewe lilijifunza kitu. Mtihani uliofanywa Desemba 2021, ambao matokeo yake yalitangazwa Juni 2022, haukuwa na mstari mmoja wa kukata shingo. Aliyepata 75 na zaidi alihesabiwa amefaulu, akastahiki mafunzo ya uongozi wa shule. Aliyekuwa kati ya 40 na 75 alipewa muda ajirekebishe. Aliyekuwa chini ya 40 aliondolewa. Kati ya 27,662 waliofanya mtihani, walioondolewa kwa kushindwa walikuwa 165. Wengine 2,192 waliondolewa kwa kuukataa mtihani wenyewe, akiwamo rais wa chama cha walimu wa nchi nzima. Kutoka theluthi mbili hadi chini ya mmoja katika mia moja! Lakini tuwe waadilifu wa hesabu: mstari wa kufukuza ulishushwa kutoka 75 hadi 40, kwa hiyo idadi hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Tunachoweza kusema ni kwamba njia ya 2022, yenye daraja la katikati, ndiyo iliyopaswa kuwa njia ya 2017. Walimu elfu nyingi wasingetolewa barabarani, na waliokuwa wa kufunzwa wangefunzwa miaka mitano mapema.

Pamoja na hayo yote, mlango wa kwanza bado uko wazi, tena unapanuliwa. Katika mtihani wa taifa wa kuingia vyuoni, wenye alama 400, mwaka 2023 kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu kiliwekwa 140, na cha kuingia chuo cha ualimu 100. Yaani anayetaka kuwa mwanafunzi wa kawaida wa chuo kikuu anadaiwa zaidi kuliko anayetaka kufundisha watoto wa taifa zima. Na Oktoba 2025 serikali ya shirikisho ilitangaza kwamba wanaoomba masomo ya NCE hawatalazimika tena kuufanya mtihani huo, mradi wana ufaulu wa sekondari unaotakiwa. Sababu inajulikana: vyuo vya ualimu havipati wanafunzi. Lakini vijana hawavikimbii vyuo hivyo kwa sababu mlango wake ni mzito. Wanavikimbia kwa sababu nje ya mlango huo unawangoja mshahara mdogo unaochelewa, na jina lisilo na heshima. Kushusha kizingiti cha nyumba iliyoezuliwa hakutaleta wapangaji.

Huku kwetu, mwaka huohuo wa 2017 Kaduna ilipopima walimu, Tanzania ilikuwa ikihakiki vyeti. Tarehe 28 Aprili Rais John Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 wa umma waliokutwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa. Zoezi lile lilikuwa na faida zake. Ila uhakiki wa vyeti unajibu swali moja tu: je, karatasi hii imetoka kweli mahali inaposema imetoka? Haujibu kama mwenye karatasi anajua. Kwara imetuonyesha watu wenye karatasi za kweli kabisa wakishindwa kugawanya. Serikali inayoridhika na uhakiki wa karatasi imemhoji shahidi jina lake, ikasahau kumuuliza alichokiona.

Ndugu zetu wa misikitini watasema haya ni ya serikali, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Tunalalamika, na kwa haki, kwamba kijana aliyesoma miaka minne au sita kwa Kiarabu akarudi na shahada yake huzungushwa ofisi hadi ofisi ili itambuliwe, na wakati mwingine hukata tamaa akafungua duka. Lakini huyohuyo, au asiyesoma hata robo yake, akija katika madrasa ya mtaa anapokewa kwa kanzu na kwa sauti yake nzuri. Hakuna anayemuuliza amesoma kwa nani. Hakuna anayemweka mbele ya watoto kumi aone kama anajua kuwafundisha herufi bila fimbo. Tunaitaka serikali isituamini kwa upofu wala isitukatae kwa upofu, ilhali sisi wenyewe tunawaamini watu kwa upofu.

Kamati ya msikiti haihitaji sheria ya bunge wala fedha nyingi kwa jambo hili. Iwaombe walimu wawili au watatu wanaojulikana wakae na mwombaji asubuhi moja: asome, aandike ubaoni, aeleze hukumu ya udhu kwa lugha ya mtoto wa miaka saba, kisha afundishe darasa la kweli nusu saa huku wakimtazama. Aliye karibu kufaa apewe mwenziwe wa kumsimamia kwa miezi sita, kwa posho, kabla ya kuachiwa watoto peke yake. Na matokeo yaandikwe, yawekwe katika jalada la msikiti, pamoja na majina ya waliomsikiliza.